Hatamu Bila Farasi: Asili na Mabadiliko ya Maana ya Majina ya Vifaa vya Kichwa cha Farasi katika Kiswahili, kwa Kurejelea Tukuyu na Wilaya ya Rungwe

Ikisiri

Makala haya yanachunguza asili na historia ya maneno matatu ya Kiswahili yanayotaja vifaa vya kichwa cha farasi, yaani hatamu, lijamu na kigwe. Hoja inayotetewa ni kwamba hatamu na lijamu hayakuwa visawe: la kwanza lilitaja kamba ya puani anayoongozwa nayo ngamia, na la pili lilitaja chuma cha kinywani anachozuiliwa nacho farasi. Tofauti hiyo imefifia katika kamusi na katika matumizi kwa sababu maneno yalisafiri mbali kuliko wanyama. Wilaya ya Rungwe, ambako Kiswahili kilipanda milimani bila farasi, inatumika kuonyesha jinsi neno lililofika kwa njia ya mimbari na ya mkutano wa chama lilivyojenga maana mpya pasipo kifaa cha kuonekana kwa macho.

1.0 Utangulizi

Farasi hakuwa mnyama wa Rungwe. Nyanda za juu zinazouzunguka mji wa Tukuyu ni nchi ya ng'ombe, migomba na mvua nyingi. Aliyesafiri alisafiri kwa miguu, na mzigo ulibebwa kichwani au begani. Hali hiyo haikuwa ya Rungwe peke yake. Katika sehemu kubwa ya bara la Tanzania farasi alishindwa na mbung'o pamoja na ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi. Henry Morton Stanley, alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alichukua farasi wawili. Wote walikufa Kingaru, kabla msafara haujafika mbali. Miaka 45 baadaye vikosi vya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini vilivyoongozwa na Jenerali van Deventer vilipoteza maelfu ya farasi katika vita dhidi ya Wajerumani. Kwa upande wa kusini, majeshi ya Jenerali Northey yaliyoiingia Neu-Langenburg, yaani Tukuyu, mwishoni mwa Mei 1916 yalitegemea migongo ya wapagazi walioitwa tengatenga.

Hata hivyo, mtu yeyote aliyesoma Rungwe anajua neno hatamu. Analisikia katika taarifa ya habari, analisoma katika Biblia, na analiandika katika insha ya shule. Akiulizwa maana yake atajibu bila kusita kwamba ni madaraka au uongozi. Akiulizwa hatamu ni kitu gani, cha kushikwa kwa mkono, jibu huchelewa. Makala haya yanaanzia katika ucheleweshaji huo. Si dalili ya ujinga wa msemaji. Ni ushahidi wa kihistoria, na mwanaisimu anapaswa kuusoma kama anavyosoma ushahidi mwingine wowote.

2.0 Vifaa vyenyewe

Kabla ya kuyachunguza majina, inafaa kuvieleza vitu. Farasi wa kupandwa huvikwa kichwani mikanda ya ngozi: mmoja hupita nyuma ya masikio, mwingine kwenye paji la uso, na mara nyingine mmoja huizunguka pua. Mikanda hiyo kazi yake ni kushikilia chuma kinachopita kinywani. Farasi ana pengo kati ya meno ya mbele na magego, na chuma hukaa katika pengo hilo, juu ya ufizi na ulimi. Ncha mbili za chuma zimefungwa kamba au kanda mbili zinazorudi hadi mikononi mwa mpandaji. Akivuta ya kulia, farasi hugeuka kulia. Akizivuta zote mbili, husimama.

Ngamia hafungwi hivyo. Yeye hucheua, na chuma kinywani ni kizuizi kwa mnyama anayecheua. Kwa hiyo huongozwa kwa kamba moja iliyozungushwa juu ya pua na taya, au iliyofungwa kwenye kipini kilichotobolewa puani. Mara nyingi anayeishika kamba hiyo hajapanda. Anatembea mbele, na mnyama anamfuata. Ng'ombe naye hucheua. Hii ndiyo sababu, hata huko kwenye majembe ya kukokotwa na maksai, ng'ombe hafungwi chuma kinywani, bali huvikwa nira shingoni na kuongozwa kwa kamba au kwa fimbo.

Tofauti hii ya kimaumbile kati ya mnyama anayecheua na asiyecheua ndiyo iliyoko nyuma ya tofauti ya maneno hatamu na lijamu. Atakayeiacha hataelewa kwa nini Kiarabu kilikuwa na maneno mawili, wala kwa nini Kiswahili kilipokea yote mawili.

3.0 Hatamu: kamba ya pua

Asili ya hatamu ni Kiarabu ‘khiṭām’, jina la kamba anayofungwa ngamia puani au juu ya pua ili aongozwe. Mzizi wake ni konsonanti tatu kh-ṭ-m, zenye maana ya pua ya mnyama au mdomo wa ndege. Kutokana na mzizi huo hupatikana ‘khaṭm’, yaani sehemu ya mbele ya uso wa mnyama. Neno hili bado linatumika kwa vifaa vya ngamia katika Oman na nchi jirani za Ghuba. Kwa asili yake, basi, hatamu si kifaa cha farasi wala si kifaa cha kinywa. Ni kifaa cha ngamia na cha pua.

Suala la kifonolojia linahitaji maelezo. Kama ‘khiṭām’ lingefuata njia ya kawaida, tungetarajia hitamu, kama ‘kitāb’ lilivyotoa kitabu. Irabu ya kwanza imegeuka kuwa a. Mabadiliko haya hayakutokea katika neno hili peke yake. Kiarabu ‘khizām’ au ‘khizāma’, pete ya puani ya ngamia, kimetoa hazama, ambalo pia hutamkwa azama, yaani pambo la puani la mwanamke. Mifano hii miwili ina sifa moja: i inafuata kikwamizo kh, sauti inayotamkwa nyuma ya kinywa na yenye tabia ya kuishusha irabu iliyo jirani nayo. Katika ‘khiṭām’ msukumo ulikuwa mara mbili, maana irabu imebanwa kati ya kh na ṭ nzito. Msemaji wa Kiswahili alisikia a, akatamka a.

Hazama linastahili kutazamwa zaidi kidogo. Hatamu na hazama ni jozi iliyotoka katika zizi moja la ngamia: moja ni kamba, nyingine ni pete. Zilipofika pwani ya Afrika Mashariki ziliachana. Pete ilipanda daraja ikawa pambo la bibi harusi; kamba ilipanda daraja nyingine ikawa alama ya utawala. Ngamia mwenyewe alibaki kaskazini.

Kuna kosa moja la kietimolojia ambalo wanafunzi hulirudia, nalo ni kulihusisha hatamu na hatima, hitimu na hitima. Maneno hayo ya pili yanatokana na mzizi kh-t-m wenye t ya kawaida, na maana yake ni kufunga kwa muhuri na kumaliza. Katika Kiarabu t na ṭ ni fonimu mbili tofauti. Katika Kiswahili zimeungana kuwa moja, na kh imeungana na h katika matamshi ya wengi. Kufanana kwa hatamu na hatima kwa hiyo ni tokeo la fonolojia ya Kiswahili na wala si undugu. Dai kwamba mwenye hatamu ndiye mwenye neno la mwisho ni tamu masikioni, lakini halina msingi.

4.0 Lijamu: chuma cha kinywa

Lijamu ni Kiarabu ‘lijām’, nalo si Kiarabu cha asili. Sibawayhi, mwanasarufi aliyefariki mwishoni mwa karne ya 8, tayari alilitaja miongoni mwa maneno ya kigeni yaliyofanywa kuwa ya Kiarabu, na Ibn Manzur katika ‘Lisan al-Arab’ analihesabu kuwa la Kiajemi. Umbo la Kiajemi ni ‘lagām’ au ‘ligām’. Kiarabu, ambacho hakikuwa na g katika mfumo wake wa maandishi, kiliiandika sauti hiyo kwa jimu.

Safari ya neno hili ni ramani ya safari ya farasi. Kihindi na Kiurdu wana ‘lagām’. Kiamhara kina ‘ligwam’. Kihausa, lugha ya nchi iliyokuwa na majeshi ya wapanda farasi kwa karne nyingi, kina ‘linzami’. Kiswahili kina lijamu. Sauti ya katikati inatoa ushahidi: Kihindi na Kiamhara vimehifadhi g, Kiswahili kina j. Neno la Kiswahili basi halikuletwa moja kwa moja na Waajemi, ingawa masimulizi ya pwani huwapenda Washirazi, wala halikuletwa na wafanyabiashara kutoka India. Limepitia Kiarabu. Tena lahaja nyingi za Oman hutamka jimu kama g, jambo linaloashiria kwamba j ya lijamu imetegemea zaidi Kiarabu cha kusomwa kuliko Kiarabu cha zizi.

Farasi walikuwepo pwani, lakini wachache na wa wakubwa. Sayyid Said bin Sultan alikuwa nao, akawatumia katika diplomasia: meli yake Sultana iliyofika New York mwaka 1840 ilibeba farasi wawili wa Kiarabu kama zawadi kwa Rais wa Marekani. Emily Ruete, binti yake, anawakumbuka farasi wa jumba la Mtoni katika kumbukumbu zake. Mtu wa kawaida alimwona farasi kwa mbali na akampanda punda. Na punda wa Unguja na Lamu, mpole kwa aliyemzoea, huendeshwa kwa kamba na bakora. Farasi wengi zaidi walikuwa katika fasihi. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa na Mwengo wa Athumani mwaka 1728, na tenzi nyingine za vita vya Mtume, ziliujaza ushairi wa Kiswahili farasi ambao washairi wake hawakuwafuga. Istilahi za farasi katika Kiswahili, tangu mwanzo wake, ni istilahi za kitabuni zaidi kuliko za zizini, na hili lilitokea pwani kabla halijatokea Rungwe.

Hapa ndipo fasili za kamusi zinapotatanisha. Johnson (1939) anayafafanua hatamu na lijamu kwa namna karibu moja, akitumia jina la Kiingereza la vifaa vyote vya kichwa kwa maneno yote mawili. Sababu yake inaeleweka: Kiingereza kina jina moja la jumla, na mtunzi alikuwa akiwaandikia Waingereza. Lakini kamusi za baadaye, zikiwemo za Kiswahili kwa Kiswahili, zimerithi ukungu huo, zikiongeza tu maana ya uongozi chini ya kidahizo hatamu. Mtumiaji anayetafuta lijamu huelekezwa kwenye hatamu, na anayetafuta hatamu huonyeshwa farasi. Ngamia, mwenye neno, hutajwa kwa nadra.

5.0 Kigwe na swali la Ubantu

Neno la tatu halikukopwa. Kigwe ni kipunguo cha ugwe, uzi au kamba nyembamba iliyosokotwa au kusukwa, ambayo wakulima huinyoosha ardhini kupimia mistari ya shamba. Kigwe ni kamba ndogo, ni utepe wa kushonwa kwenye upindo wa kanzu, na ni kamba ya kuendeshea mnyama. Kwa farasi huwa vigwe, kwa kuwa ni viwili.

Neno hili lina umuhimu kwa sababu ya mjadala wa lugha uliowahusu moja kwa moja Wakristo wa nyanda za juu kusini. Mwaka 1937 ilichapishwa Stuttgart Biblia ya Kiswahili iliyotafsiriwa na Karl Roehl, mmisionari wa Kijerumani, ambaye lengo lake lilitangazwa wazi: kupunguza maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake. Mradi huo ulizua ubishi ambao haujazimika hadi leo. Msamiati wa farasi unaonyesha mipaka yake vizuri kuliko mifano inayotajwa kila mara. Ukiyaondoa hatamu na lijamu, Kibantu kinakupa kigwe na kamba. Hayo yanatosha kutaja kinachoshikwa mkononi. Hayatoshi kutaja kinachoingia kinywani, kwa sababu hakuna mnyama wa Kibantu aliyetiwa chuma kinywani. Lugha haikuwa na upungufu. Ilikuwa na ng'ombe. Mtafsiri asiyetaka lijamu analazimika kueleza kwa maneno mengi, na sentensi ya kitabu cha hekima haivumilii maelezo marefu.

6.0 Njia ya mimbari

Wamisionari wa Moraviani na wa Berlin waliingia nchi ya Wanyakyusa mwaka mmoja, 1891, wote wakipitia njia ya Ziwa Nyasa. Wamoraviani walijenga kituo chao cha kwanza Rungwe, chini ya mlima wa jina hilo. Kama Marcia Wright (1971) alivyoonyesha, suala la lugha lilikuwa jambo la msingi katika sera zao: walijifunza Kinyakyusa, wakahubiri na kufundisha kwa Kinyakyusa. Sarufi ya Schumann ya lugha hiyo, aliyoiita lugha ya Wakonde, ilitoka mwaka 1899, miaka minane tu baada ya kuwasili kwao. Kiswahili kilikuja kwa mlango mwingine, mlango wa boma la Neu-Langenburg, kikiwa lugha ya askari, karani na kodi.

Kwa Mnyakyusa, kwa hiyo, Kiswahili kwa miaka mingi hakikuwa lugha ya mafumbo. Kiliposomwa kanisani, hasa baada ya Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 kuenea, kilileta msamiati ambao haukuwa umepita bomani wala sokoni. Hatamu na lijamu ni sehemu ya msamiati huo. Kimatamshi hayakuwa na shida. Kinyakyusa ni miongoni mwa lugha chache za Kibantu zisizo na toni, na mkazo wake, kama wa Kiswahili, huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho; hatamu linaingia kinywani mwa Mnyakyusa likiwa na mkazo wake uleule. Farasi mwenyewe ndiye aliyebadilika zaidi, kwa kuwa Kinyakyusa hakitofautishi r na l, na r yake huwa l.

Kitabu kinachofaa kuchunguzwa ni Waraka wa Yakobo, kwa sababu unatumia mfano wa vifaa hivi kuliko kitabu kingine chochote cha Agano Jipya. Katika 1:26 ulimi unapaswa kuzuiwa, na watafsiri wa Muungano wameweka hatamu. Katika 3:3 farasi anatiwa kitu kinywani, nao wameweka lijamu. Katika Ufunuo 14:20, penye damu inayofika kwenye vichwa vya farasi, wameweka hatamu tena. Kigiriki kina mzizi mmoja katika sehemu zote tatu, ‘khalinos’, yaani chuma cha kinywani pamoja na mikanda yake. Watafsiri waligawa mzizi mmoja kwa maneno mawili, na mgawanyo wao haukuwa wa kubahatisha. Palipotajwa kinywa cha farasi kwa uwazi, walichagua neno la chuma. Palipokuwa na sitiari, au picha ya kichwa kizima, walichagua neno pana zaidi. Katika Zaburi 32:9, ambapo Kiebrania chenyewe kina maneno mawili, ‘meteg’ na ‘resen’, wameyatumia yote mawili sambamba. Kwa maneno mengine, watafsiri wa mwaka 1952 waliihifadhi tofauti ambayo kamusi ya mwaka 1939 ilikuwa imeifuta.

Msikilizaji wa Rungwe aliupokea mgawanyo huu kwa namna yake. Lijamu lilibaki ndani ya mstari mmoja wa farasi. Hatamu, kwa kuwa liliambatana na ulimi, lilitoka nje ya zizi na kuingia katika maadili: kuwa na hatamu ni kujizuia. Hilo ndilo lililokuwa umbo la kwanza la neno hili milimani, na lilihusu mtu kujitawala mwenyewe, si kuwatawala wengine.

7.0 Njia ya chama

Umbo la pili lilikuja na siasa. Kirai ‘kushika hatamu za uongozi’ kilikuwa cha kawaida katika Kiswahili cha magazeti, lakini kilipata uzito wa kikatiba mwaka 1975, pale Katiba ya Muda ya Tanzania ilipofanyiwa mabadiliko yaliyotangaza ukuu wa chama juu ya vyombo vyote vya dola. Kwa Kiswahili jambo hilo liliitwa chama kushika hatamu. Msimamo huo uliendelea baada ya Chama cha Mapinduzi kuundwa tarehe 5 Februari 1977, ukaingia katika Katiba ya mwaka huo, na ukakoma kwa mabadiliko ya mwaka 1992 yaliyoruhusu vyama vingi. Kwa miaka 17, basi, neno la kamba ya ngamia lilikuwa jina la kanuni kuu ya dola, na lilifika hadi kwenye mashina ya nyumba kumi kumi, Tukuyu, Mwakaleli na kwingineko.

Wanasiasa walipolichukua neno, walichukua sitiari gani? Kiarabu kina sitiari yake ya utawala, ‘zimām al-ḥukm’, kamba ya utawala, na ‘zimām’ ni kamba ya puani ya ngamia, ndugu wa ‘khiṭām’. Neno hilo huwa katika umoja, kama inavyopasa, kwa kuwa ngamia ana kamba moja. Lugha za Ulaya, Kiingereza na Kijerumani zikiwemo, zina sitiari inayofanana, lakini huiweka katika wingi, kwa sababu mpanda farasi hushika kamba mbili. Kiswahili husema hatamu za uongozi. Mara chache sana utasikia hatamu ya uongozi. Ngeli ya i-/zi- huficha wingi katika nomino, lakini upatanisho wa kisarufi huufichua: ile za ni ya farasi wa Ulaya. Neno ni la Kiarabu, sarufi ni ya Kibantu, na sitiari yenyewe, kwa ushahidi wa kiunganishi kimoja, imetafsiriwa kutoka lugha za watawala wa kikoloni. Wanaodai kwamba kirai hiki ni urithi wa moja kwa moja kutoka Arabuni wanapaswa kwanza kukieleza kiunganishi hicho.

Matokeo yake ni makubwa kimaana. Anayeshika ‘khiṭām’ ametembea mbele ya mnyama, kwa miguu, na mnyama anamfuata akiuona mgongo wake. Anayeshika vigwe amekaa juu ya mgongo wa mnyama. Kiongozi wa picha ya kwanza anachoka pamoja na anayeongozwa. Wa picha ya pili habebi uzito wowote. Kiswahili cha kisiasa kilitaka maana ya kuongoza, na kila hotuba ya wakati ule ilisisitiza kwamba chama ni cha wakulima na wafanyakazi, lakini za imembakiza kiongozi juu ya tandiko. Pengine ni bahati njema kwamba wasikilizaji wengi hawakuwahi kumwona farasi.

Wanyakyusa walikuwa na lugha yao ya kukabidhi madaraka. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, ameieleza kwa kirefu sherehe ya ubusoka, ambamo kizazi cha wazee kiliikabidhi nchi kwa kizazi cha watoto wao. Ishara zake zilikuwa moto mpya na miti iliyopandwa. Hakuna mnyama aliyefungwa kamba. Jambo hili linashangaza kwa nchi ambayo ng'ombe walikuwa ndio mahari, ndio sadaka na ndio heshima ya mwanamume, na ambayo vijiji vyake vya marika vilianza na wavulana waliochunga pamoja. Ng'ombe wa Rungwe alichungwa, hakuburutwa. Hivyo hatamu za uongozi hazikupata picha ya kienyeji ya kujishikiza nayo, wala ya zizini wala ya sherehe, na zikabaki kirai kinachojulikana kwa maana yake tu.

8.0 Nira, usukani na hatamu

Si maneno yote yaliyokuja bila vitu yalibaki bila vitu. Nira, Kiarabu ‘nīr’, lilijulikana kwa wasomaji wa Mathayo 11:29 hata pale ambapo hapakuwa na jembe la kukokotwa. Lakini katika tambarare ya ziwa, ile ambayo leo ni Kyela na zamani ilikuwa sehemu ya Rungwe, kilimo cha mpunga kilileta jembe la maksai, na nira ikawa mti unaochongwa, unaovunjika na unaonunuliwa. Neno la Injili lilipata shingo ya kukalia.

Usukani ni mfano wa karibu zaidi, maana Yakobo anauweka katika 3:4, mara tu baada ya lijamu ya farasi. Kiarabu ‘sukkān’ ni kifaa cha kugeuzia chombo cha baharini. Mlimani Tukuyu, mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, usukani wa merikebu ulikuwa mgeni sawasawa na lijamu. Kisha magari yakaja katika barabara ya kutoka Mbeya kwenda mpakani mwa Malawi, na gurudumu analolishika dereva likapewa jina hilo. Kwa msemaji wa leo usukani ni kitu cha kushika, na anaposema kiongozi ameshika usukani anaona mikono juu ya kitu. Anaposema ameshika hatamu haoni kitu. Virai viwili vyenye maana moja vina uhai tofauti, na tofauti hiyo imeletwa na gari, si na sarufi.

Hili lina athari ya moja kwa moja kwa watunzi wa kamusi. Kidahizo hatamu kinahitaji maana nne kwa mpangilio wa kihistoria: kamba ya puani ya ngamia au mnyama mwingine wa kuongozwa, vifaa vyote vya kichwa cha mnyama wa kupandwa, kamba mbili za mpandaji, ambapo kigwe kitajwe kuwa neno mahususi, na madaraka, hasa katika wingi. Kidahizo lijamu kinahitaji maana moja tu, chuma cha kinywani, bila kuelekezwa kwenye hatamu kana kwamba ni kivuli chake. Hazama nalo lirejelewe hapo, ili mwanafunzi aone kwamba pambo la bibi yake na kanuni ya katiba ya mwaka 1975 vilitoka puani mwa mnyama mmoja.